Mlinzi wa Mwili

Wapo watu Kasongo, na wengine wao hawakuwa wamezaliwa mambo yalipotokea, ambao hadi leo husema kwamba Bulaimu Zuberi alifedheheka huko migodini Kabambare kwa sababu Kifaransa kilimshinda. Kifaransa hakikumshinda. Neno moja lilimponyoka, na ni yeye mwenyewe aliyesimama mbele za watu akalitaja. Asiyeona tofauti ya mambo hayo mawili hajui heshima ni kitu gani.

Alizaliwa mtaa wa Waungwana, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, naye alimpeleka shule ya mapadri wakati ambapo majirani waliliona jambo hilo kuwa aibu. Walipomjia barazani kumlaumu, aliwajibu bila kuinua macho kwenye sindano: "Atasoma vyao, hatasali vyao." Ikawa hivyo. Asubuhi Bulaimu aliimba vitenzi vya Kifaransa pamoja na watoto wa Wakristo, jioni akasoma juzuu yake nyumbani. Akawa kijana wa hati mbili: kwa herufi za Kizungu aliandika kama karani wa serikali, na kwa herufi za Kiarabu aliandika kama mwalimu wa chuo.

Mwaka wa hamsini na tatu kampuni moja ya dhahabu, iliyokuwa ikichimba kwenye vilima vya mbele ya Salamabila, ilitafuta karani. Bulaimu alikuwa ameoa miezi minne tu. Mkewe Aziza alitaka kufuatana naye, lakini mama yake Bulaimu alikuwa amepofuka, na mama huyo alikataa kuondoka. "Sitakufa katika kambi isiyo na adhana," alisema. Kwa hiyo Aziza akabaki kumshika mkono mkwewe, na Bulaimu akapanda kamio, lori la kampuni, amekalia sanduku lake, akitazama nyuma mpaka vumbi likaufunika mji.

Huko kambini alikula ugali wa muhogo na samaki mkavu, akaukumbuka wali wa Kasongo. Kila alichokiona kilimkumbusha kitu cha nyumbani. Mvua ikipiga bati la ofisi, aliisikia cherehani ya baba yake. Hata ngazi ya mawe ya kwenda mtoni ilimrudisha shuleni kwa mapadri, kwenye ile veranda ya juu yenye ukingo wa mbao, uliolainishwa na suruali za watoto waliokuwa wakiteleza juu yake. Padri mmoja mwenye ndevu alikuwa akitoka mbio akiwapigia kelele: "Gadikori! Shukeni kwenye gadikori!" Nao watoto wakauita ukingo ule gadikori, neno lao la shule, na hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa.

Aziza alimwandikia kwa herufi za Kiarabu, ili barua ikifunguliwa ofisini pasiwe na Mzungu wa kuisoma. Mwaka wa pili alimjulisha kwamba amejifungua mtoto wa kike, na kwamba mama amempa jina la Subira. Bulaimu alipewa likizo ya siku kumi. Akamwona mtoto, akamnusa kichwa, akarudi kazini. Tangu siku hiyo barua zilianza na "Baba Subira", naye kila alipolisoma jina hilo hakujua kama anaitwa au anaagizwa.

Bwana mkubwa wa mgodi aliwaita watu kwa kelele moja tu, "Mbio-mbio!", basi wafanyakazi wakamwita Bwana Mbiombio. Siku moja, mwaka wa hamsini na tano, alitupa karatasi kubwa juu ya meza ya Bulaimu. Ilikuwa sheria mpya ya kuwalinda watu kazini. Barua iliyofuatana nayo ilimwagiza kila mwajiri aitekeleze, na aibandike mahali pa kazi katika lugha wanayoielewa wafanyakazi.

"Wewe nafasiri hii, karani. Mbio-mbio."

Bulaimu alitumia siku mbili. Alipima kila neno, maana alijua kwamba kila kosa lake lingekuwa kosa la mtaa mzima wa Waungwana. Alipofika kwenye kifungu cha mashimo, alisoma kwamba shimo lolote lenye kina cha kupita metre mbili lazima liwe na *garde-corps*. Neno hilo hakulijua. Akaligawa kama mtu agawavyo muwa kwenye fundo: *garde* ni mlinzi, kama garde wa gereza, *corps* ni mwili. Akaandika kwa hati yake nzuri: "Kila shimo la kupita metre mbili, bwana wa kazi sharti aweke mlinzi wa mwili."

Kesho yake, wakati wa mwito wa asubuhi, akawasomea watu. Alipofika hapo, Heri akainua mkono. Heri alikuwa Mubangubangu wa Lusangi, mchukuzi wa vikapu vya udongo, mtu asiyeweza kuachia neno lipite bila kulitia chumvi.

"Karani! Huyo mulinzi atalinda mwili tu? Na roho, nani atailinda?"

"Roho uipeleke kwa mupadri wako," akajibu Bulaimu. "Serikali imeona mwili wako peke yake."

"Basi na atoke! Sisi tunataka mulinzi wetu! Iko wapi?"

Watu wakacheka, wakaanza kuimba: "Mulinzi! Mulinzi!" Bwana Mbiombio akauliza kuna nini. Msimamizi wa kikosi, ambaye kule huitwa kapita, akamweleza kwamba watu wanadai mtu wa kulinda shimo, kama sheria inavyosema. Bwana Mbiombio akalitazama shimo. Akautazama msitu, ambako watu kumi wangepaswa kwenda wiki nzima kukata miti. Halafu akatabasamu.

"Mutu? Muzuri. Mimi naweka mutu."

Bulaimu aliliona tabasamu lile, akadhani ni furaha ya mtu anayetii sheria.

Mtu aliyewekwa ni Mzee Faradji. Alikuwa amepiga kafi miaka thelathini kule Nyangwe, mpaka bega likakataa mtumbwi. Alipewa fimbo na kigoda, akakaa ukingoni mwa shimo, na kila aliyekaribia alimpigia kelele: "Kando! Kando ya mutumbwi!"

"Mzee," Heri alimwambia siku ya kwanza, "mimi nikianguka humu ndani utanifuata na kafi?"

"Kafi nitakupiga nayo kichwani kabla hujaanguka."

Miezi mitano Mzee Faradji alifanya kazi ile kwa uaminifu. Lakini mtu ana macho mawili, ana haja zake, ana Mungu wake. Ijumaa moja ya masika, saa ya adhuhuri, aliisimika fimbo yake ardhini pale alipokuwa akikaa, akaenda hatua hamsini kutawadha na kusali. Heri akaja na kikapu begani. Udongo ulikuwa umelainika kama sabuni. Alipoteleza alinyoosha mkono kutafuta kitu cha kushika, na hapakuwa na kitu, ila ile fimbo. Iling'oka, akaanguka nayo. Shimo lilikuwa na kina cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao, na walipomtoa, paja lake la kushoto lilikuwa limevunjika mahali pawili.

Habari zikafika Kabambare, na mkaguzi wa kazi, aliyekuwa huko katika safari zake, akatuma neno kwamba atakuja siku ya Alhamisi. Jumanne Bwana Mbiombio akamwita Bulaimu kwenye mashine ya kuandika, akaanza kumtamkia taarifa. Alitembea chumbani, mikono nyuma, akisema Kifaransa cha haraka. Bulaimu aliandika kwamba mlinzi aliacha mahali pake bila ruhusa. Kwamba mchukuzi hakungoja. Kwamba mwajiri alikuwa ametimiza yote kama yalivyoelezwa katika tafsiri iliyobandikwa. Kwamba shimo lilikuwa na *garde-corps*...

Vidole vyake vikasimama.

Miezi ile yote alikuwa amelisoma neno lile kwa macho tu. Sasa alilisikia mdomoni mwa Mbelgiji, limetamkwa upesi, vipande vyake viwili vimeshikana. Gadikori. Akaiona veranda ya mapadri. Akaziona mbao zilizolainika, akajisikia mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, anateremka kwa tumbo na upepo masikioni. Gadikori haikuwa mtu. Haikuwa hata neno la watoto. Ilikuwa ukingo, miti iliyolazwa kiunoni mwa mtu ili asianguke, na yeye Bulaimu alikuwa ameikalia utoto wake wote.

Na la pili lilifuata hapo hapo, zito kuliko la kwanza: bwana huyu alilijua tangu mwanzo.

"Nini? Mashine nakufa?"

"Hapana, Bwana."

Alimaliza kuandika. Bwana Mbiombio akaiweka karatasi mbele yake, akaweka kidole chini kabisa. "Hapa wewe natia sahihi, kama mufasiri. Wewe nasema tafsiri ni sawasawa, mutu yote alisikia." Kisha akalainisha sauti. "Mimi najua wewe nataka kurudi kwako. Magazini ya Kasongo, ghala ya kampuni, nataka karani. Alhamisi wewe napa Inspekta hii karatasi. Jumamosi wewe napanda kamio."

Bulaimu aliikunja karatasi bila kuitia sahihi, akaitia mfukoni, pale ilipokuwa barua ya mwisho ya Aziza. Aliijua barua ile kwa moyo. "Baba Subira, mtoto sasa anamwita baba kila mwenye kanzu nyeupe apitaye barazani. Mwanzo nilimkataza. Halafu namwonea huruma, namwacha." Jumamosi. Siku nne tu. Kamio ingefika Kasongo wakati Aziza anafagia baraza, na yeye angeshuka, naye mtoto angeita baba, na safari hii asingekosea.

Aliwaza hayo akitembea, na miguu ikampeleka kwenye dispensari. Heri alikuwa amelala, mguu umefungwa kati ya mbao mbili. Mkewe Régina alikuwa akimfukuzia nzi. Alimtazama Bulaimu tangu viatu mpaka kalamu ya mfukoni.

"Karani, umekuja kuuona mguu wake, ama kuuandika?"

"Kuuona, mama."

"Uone basi. Wanasema wakiandika kosa ni lake, hapana kitu atapewa, na nyumba ya kambi tutatoka. Wewe ndiyo unajua kusoma. Kosa ni la nani?"

Heri akafumbua macho. "Régina, muache karani. Yeye alituletea mulinzi." Akajaribu kucheka, maumivu yakamkata. "Ila siku ingine, karani, utuletee mulinzi asiyesali."

Bulaimu akatoka, akamkuta Mzee Faradji nyuma ya dispensari, ameketi, hana fimbo.

"Andika nilikwenda kusali," mzee alisema kabla hajaulizwa. "Si uongo. Watanifukuza, nitarudi Nyangwe. Muto ungali pale."

"Mzee, wewe hukupaswa kuwekwa pale tangu mwanzo. Sheria ilitaka ukingo wa miti kuzunguka shimo. Mimi nililisoma neno vibaya, nikasema mtu."

"Kumbe miezi mitano nilikuwa mbao."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mbao haiendi kusali." Akatikisa kichwa, akacheka polepole mpaka machozi yakamtoka, na haikujulikana yalikuwa ya kucheka au ya nini. "Wewe mutoto wa Zuberi, fundi wa kanzu? Baba yako alinishonea kanzu ya harusi. Mishono yake haikufumuka mpaka leo."

Bulaimu aliondoka na neno hilo, nalo lilimchoma kuliko lawama.

Alhamisi mkaguzi akaja, Mbelgiji mwembamba mwenye miwani, suruali imejaa matope. Alipima shimo kwa kamba. Wafanyakazi wamesimama kando, kapita mbele yao. Bwana Mbiombio akamwonyesha tangazo lililobandikwa ukutani, hati nzuri ya Bulaimu, herufi zimepangwa kama shanga.

"Sheria inataka tafsiri, tafsiri ipo," alisema kwa Kifaransa. "Tafsiri inataka mlinzi, mlinzi nilimweka. Aliacha kazi yake, ni kosa lake. Karani atakupa taarifa, ameithibitisha."

Mkaguzi akanyoosha mkono. Bulaimu akaitoa karatasi. Kwa mara ya mwisho aliiona moyoni kamio inaingia Kasongo. Halafu akasema kwa Kifaransa, kisha akayarudia kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila mtu asikie:

"Bwana mkaguzi, sikutia sahihi. Tafsiri ile si sahihi. Niliandika mlinzi, na sheria ilisema ukingo. Mzee Faradji hakuacha kazi yake, kwa sababu kazi ile haikuwa ya mtu. Kosa la neno ni langu."

Manung'uniko yakapita kati ya watu. Mtu mmoja akaguna: "Loo! Karani naye!"

"Umejuaje sasa, kama hukujua wakati ule?" mkaguzi aliuliza.

"Kwa sababu Bwana alilitamka mbele yangu, siku ya Jumanne. Nikalisikia."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akamgeukia Bwana Mbiombio.

"Na wewe, bwana, sheria hii uliisoma kwa lugha gani?"

"Kwa Kifaransa, bila shaka."

"Basi."

Hata waliokuwa hawajui Kifaransa waliona uso wa Bwana Mbiombio ukigeuka rangi. Mkaguzi akaeleza, naye Bulaimu akafasiri, kila neno mahali pake. Sheria ilimwamuru mwajiri, na mwajiri aliisoma katika lugha yake. Tafsiri haikuwekwa ili imfundishe mwajiri la kufanya. Iliwekwa ili mfanyakazi ajue cha kudai. Karani akikosea, mfanyakazi amenyimwa habari, na hilo ni baya. Lakini ukingo hakunyimwa na karani. Ukingo alinyimwa na aliyeelewa akanyamaza. Tena, mtu kwenda kusali au kwenda haja si uzembe. Ndiyo sababu hasa sheria ilitaka miti, maana miti haiendi popote.

Wiki moja baadaye shimo lilikuwa limezungukwa na miti iliyofungwa mafundo mawili mawili. Heri aliandikwa kuwa aliumia kazini bila kosa lake. Mguu ulipona mfupi, akapewa kazi ya kukaa, kugawa koleo. Mzee Faradji alirudishiwa kigoda chake, mlangoni mwa ghala. Nao watu wa kambi hawakuuita ukingo ule kwa jina lingine. Waliuita mulinzi wa mwili, na mtu akiuegemea walimwambia, "Umeomba ruhusa kwa karani?" Bulaimu alicheka nao. Kucheka nao kulimgharimu, lakini alicheka.

Hakufukuzwa, na hili liandikwe vizuri. Mkaguzi alikuwa ameliandika jina lake katika kitabu chake, na hakuna aliyethubutu. Lakini nafasi ya Kasongo alipewa karani mwingine wa kambi, Kassimu, kijana wa mtaa ule ule. Jumamosi Bulaimu alimsindikiza kwenye kamio. Akampa barua, na kitambaa cha gauni la mtoto alichokikata kwa kukadiria, maana hakujua tena kimo chake.

"Niwaambie nini nyumbani?" Kassimu aliuliza, amekwisha kukalia sanduku.

"Barua itasema."

Kassimu alisema mengi kuliko barua. Ndiko maneno ya Kasongo yalikotoka. Baada ya wiki tatu jibu la Aziza likaja: "Baba Subira, mwenzako ameeneza habari zako kila baraza. Mimi nimewaambia, mume wangu amekosea neno moja akalirudisha. Ninyi mmekosea mangapi, mmerudisha lipi? Mama anakusalimu. Anauliza huo ukingo ni wa mti gani. Gauni lilikuwa dogo. Nimelifumua, nimeliongeza kwa kanga yangu." Chini, kwa mara ya kwanza, aliandika mstari mmoja kwa herufi za Kizungu, kubwa na zenye kutetemeka, herufi alizojifunza peke yake kutoka kwenye daftari za zamani za mumewe: RUDI WAKATI WA KURUDI.

Wakati huo ulichukua zaidi ya miaka miwili. Katikati yake mama alikufa, naye aliijua habari baada ya siku kumi na moja, akalia ofisini, uso ameugeuzia mashine. Alirudi mwaka wa hamsini na nane, mkataba wake umekwisha, sanduku lile lile. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hajapumzika vizuri, lilikuwa kukata miti na kuzungusha ukingo kwenye baraza ya nyumba. Baraza yenyewe ilikuwa na kimo cha goti.

"Karani!" majirani wakapiga kelele. "Unaogopa kuangukia kuku?"

Subira, wa miaka minne, alikuwa amekaa mbali siku nzima. Alimwita "mugeni." Ukingo ulipokamilika aliushika upande wa mlangoni, akaanza kusogea, mkono baada ya mkono, akiupima mti na kumpima mtu aliyesimama mwisho wake. Bulaimu hakumwita. Aliweka kiganja chake juu ya mti na kungoja. Ilimchukua mtoto muda mrefu kufika.

Miti ile imeliwa na mchwa mara nyingi, na mara zote Aziza ameagiza mingine, kimo kile kile, mafundo mawili mawili, ila kipande cha mwisho hakuruhusu kibadilishwe. Asubuhi anapofagia huupangusa ukingo kwa kitambaa, kuanzia mlangoni. Akifika pale mwisho, mbao ilipolainika kwa kiganja cha Bulaimu, hukiacha kitambaa, akapapangusa kwa mkono.